Miji midogo iliyooza katika tamthilia za zamani za wapelelezi: ni ubunifu wa waandishi au ilikuwapo kweli?

MwalimuTanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Kwa miezi kadhaa mimi na kaka yangu tumekuwa tukitazama tamthilia za zamani za wapelelezi kutoka Marekani, na iliyotukamata zaidi ni The Rockford Files, ambayo kituo cha NBC kiliirusha kuanzia 1974 hadi 1980. Kwa asiyeifahamu, Jim Rockford, aliyeigizwa na James Garner, ni mpelelezi binafsi wa Los Angeles anayeishi kwenye nyumba ya treila kando ya bahari huko Malibu, anayetoza dola 200 kwa siku na gharama juu yake, na ambaye aliwahi kutumikia kifungo katika gereza la San Quentin kwa kosa ambalo hakulitenda, kabla ya kupewa msamaha. Ni mtu asiyependa ugomvi. Bastola yake huiweka kwenye chombo cha biskuti, na akipata nafasi ya kukimbia hukimbia.

Ninachotaka kuuliza ni hiki. Kila baada ya sehemu kadhaa, mpelelezi wa tamthilia za aina hii hutoka jijini, hushika barabara, na kufika kwenye mji mdogo ambao kwa macho unapendeza kabisa: mahakama yenye mnara, mgahawa ulio wazi tangu alfajiri, wazee kwenye benchi wanaoitikia salamu. Kabla jua halijazama amekwisha kutiwa pingu. Katika sehemu ya mwaka 1975 iitwayo Pastoria Prime Pick, Rockford anakwenda mji wa New Pastoria kumtafuta mtu aliyepotea, na yanamkuta mwenyewe: viongozi wa mji ule wanawabambikia wageni kesi ili wawakamue fedha. Katika sehemu nyingine ya mwaka huohuo gari lake linaharibika njiani akiwa amebeba dola 10,000 za dhamana ya mtu, anaomba azilaze kwenye sefu ya kampuni moja inayouza viwanja, na kulipokucha anaambiwa kwamba hakuna fedha yoyote aliyoiacha pale.

Usiku wa sehemu ya New Pastoria sikulala mapema. Vipigo nimevizoea, kwa sababu kila tamthilia ya aina hii ina vipigo. Kilichoniondolea usingizi ni utulivu wa wale watu. Hakuna anayepiga kelele, karatasi zimejazwa sawasawa, mihuri ipo mahali pake, na wizi wote unapita mbele ya macho ya watu katika sura ya sheria. Sisi tumefundishwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na pale wenyeji wanapona kwelikweli, lakini kwa kumnyonya mgeni hadi senti ya mwisho.

Kaka yangu anashikilia kwamba haya ni mazoea ya waandishi waliokosa la kuandika wiki hiyo. Mimi nahisi kuna kitu cha kweli chini yake, kwa sababu jambo la kubuni tu lisingerudiwa na tamthilia nyingi namna hiyo kwa miaka mingi kiasi hicho. Je, miji ya namna hii ilikuwapo? Na kama ilikuwapo, iliwezekanaje katika nchi yenye mahakama na magazeti?

DerevaOhio amejibu:

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Ohio. Nilisoma sheria miaka miwili Dar es Salaam kabla ya kuhamia huku, na sasa naendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Jibu langu ni kwamba ilikuwapo, na tamthilia hazikutia chumvi nyingi kama kaka yako anavyodhani.

Tuanze na namna fedha zilivyotembea, maana hapo ndipo penye mzizi. Katika kaunti nyingi za Marekani, sherifu, ambaye ni mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, hakulipwa mshahara kama tunavyouelewa. Alilipwa ada: kiasi fulani kwa kila mtu aliyemkamata, kiasi kwa kila aliyemwandikisha gerezani, kiasi kwa kila aliyemwachia. Fikiria maana yake. Kila mtu huru anayepita barabarani ni fedha ambayo bado haijaingia mfukoni.

Kaunti ya McMinn, jimbo la Tennessee, ndiyo mfano ninaoujua vizuri. Kuanzia 1936 kaunti hiyo ilishikwa na Paul Cantrell na watu wake. Manaibu wa sherifu walikuwa wakisimamisha usiku mabasi yanayokatiza kaunti, wanapanda na tochi, wanamwamsha abiria aliyesinzia kichwa kikiwa kwenye kioo, na kabla hajajua yuko wapi ameambiwa kwamba amelewa na faini yake ni kiasi fulani. Huyo abiria ana safari ya mamia ya maili, hamjui mtu yeyote pale, na basi haliwezi kumsubiri. Analipa. Ndiyo New Pastoria hiyo, Mwalimu, miaka thelathini kabla ya Rockford kufika.

Jinsi ilivyokwisha ni kisa ambacho mwandishi wa tamthilia angeogopa kukiandika. Tarehe 1 Agosti 1946, siku ya uchaguzi, wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walikuwa wameweka wagombea wao dhidi ya kundi la Cantrell. Manaibu walipoyachukua masanduku ya kura na kujifungia nayo ndani ya gereza la mji wa Athens, wanajeshi wale walikwenda kwenye ghala la silaha, wakabeba bunduki, wakalizingira gereza usiku kucha, na hatimaye wakatumia baruti hadi waliokuwa ndani wakajisalimisha. Kura zilipohesabiwa, mgombea wao, Knox Henry, ndiye aliyekuwa sherifu.

Upande wa mahakama nao una kumbukumbu zake. Hapa Ohio, katika miaka ya marufuku ya pombe, meya wa kijiji cha North College Hill alikuwa ndiye anayesikiliza kesi za pombe, na katika kila hukumu ya hatia alipata sehemu yake. Mtu mmoja aliyeitwa Tumey alitozwa faini ya dola 100, na katika gharama za kesi dola 12 zilikwenda kwa meya mwenyewe. Lau angemwachia huru, meya asingepata kitu. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, na ngedere anakula asilimia. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1927 kwamba huo haukuwa usikilizaji wa haki. Hata hivyo miji ikajifunza njia nyingine: fedha zisiende kwa meya, ziende kwenye hazina ya mji ambayo meya ndiye anayeisimamia. Mwaka 1964 kijiji cha Monroeville, Ohio, kilipata zaidi ya dola 23,000 kutokana na faini na ada za mahakama ya meya, wakati mapato yake yote ya mwaka yalikuwa dola 46,000 na ushei. Nusu nzima ya bajeti ilitoka kwa watu waliofikishwa mbele ya meya! Mahakama Kuu iliukataa utaratibu huo nao mwaka 1972, yaani miaka miwili tu kabla ya The Rockford Files kuanza.

Mahakama za meya bado zipo hapa Ohio, na kesi zake siku hizi zina rufaa na masharti mengi zaidi. Mimi mwenyewe nilikamatwa katika mji mdogo ambao sitautaja, kwa kuzidisha maili saba juu ya mwendo unaoruhusiwa, mahali ambapo kibao cha mwendo kilikuwa kimefunikwa na matawi ya mti. Kesi ilisikilizwa saa moja jioni katika chumba kilekile cha mikutano ya baraza la mji. Viti vya kukunja, bendera kwenye kona, na mezani bado kulikuwa na ajenda ya kikao cha juzi yake iliyozungumzia ukarabati wa gari la zimamoto. Karani alikuwa amekaa mlangoni na mashine ya kadi. Hakuna aliyenitukana. Wote walikuwa wapole mno, kama ulivyosema, na niliondoka pale nikiwa nimelipa faini na gharama zilizozidi faini yenyewe. Nilipokuwa narudi kwenye lori nilikumbuka jinsi Rockford anavyotazama juu kila anaposomewa mashtaka ya uongo, na sikuona tena kwamba ni uigizaji.

Jambo la mwisho, kwa sababu linahusu barabara. Mji wa Ludowici, Georgia, ulikuwa kwenye njia iliyotumiwa na watu wa majimbo ya kaskazini kwenda Florida kupumzika. Wasafiri walilalamika kwa miaka mingi kuhusu taa za barabarani za pale, ambazo ziligeuka nyekundu ghafla gari likiwa katikati, na polisi yuko tayari pembeni. Sifa yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1970 gavana wa Georgia, Lester Maddox, aliweka mabango makubwa barabarani kuwaonya wasafiri juu ya mji huo ulio ndani ya jimbo lake mwenyewe. Sijawahi kusikia serikali nyingine iliyofikia hatua hiyo.

MhaririPicha amejibu:

Nimeisoma hoja ya DerevaOhio kwa hamu na naiunga mkono, lakini kaka yake Mwalimu naye asionewe. Nimefanya kazi ya kuhariri tamthilia kwa zaidi ya miaka kumi, na naweza kusema kwamba ukweli peke yake hautoshi kueleza kwa nini jambo fulani linarudiwa kwenye skrini. Ni lazima pia lirahisishe kazi.

Mji mdogo ulirahisisha mambo mengi. Tamthilia ya wiki kwa wiki ilihitaji mahali papya na watu wapya kila mara, na mwisho wa saa moja shujaa aondoke asiache deni lolote la hadithi. Viwanja vya studio za Hollywood, kama vile vya Universal, ambao ndio waliotengeneza The Rockford Files, vilikuwa tayari na uwanja wa mji wenye mahakama uliojengwa kwa mbao na plasta, unaopakwa rangi upya na kubadilishiwa vibao. Kwa hiyo Mwalimu akiona kwamba miji hiyo inafanana, asidhani macho yake yanamdanganya.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1952 vituo vya televisheni vya Marekani vilijiwekea maadili ya utangazaji, na mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba maofisa wa sheria waonyeshwe kwa heshima. Wakati huohuo tamthilia ya Dragnet ya Jack Webb ilikuwa ikitengenezwa kwa ushirikiano wa karibu na polisi wa Los Angeles. Mwandishi aliyetaka kuonyesha polisi mla rushwa afanyeje? Akimweka katika jiji lenye jina, kuna idara yenye simu na mawakili. Akimweka katika mji ambao haupo kwenye ramani yoyote, hakuna atakayelalamika. New Pastoria ilikuwa chumba ambamo waandishi waliweza kusema mambo ambayo kwingine wasingeweza kuyasema, na nadhani waliyasema kwa dhati.

Tazameni pia mji mdogo unamfanya nini mpelelezi mwenyewe. Los Angeles, Rockford ana Dennis Becker, sajini wa polisi ambaye hulalamika, hukataa, kisha husaidia. Ana baba yake, Rocky. Ana wakili wake, Beth Davenport. Akivuka mpaka wa kaunti, vyote hivyo vimebaki nyuma, na simu pekee iko kwenye meza ya mtu aliyemkamata. Mimi naona huo ndio ufundi mkubwa wa sehemu hizi. Kwa mtu aliyewahi kufungwa bila kosa, kusikia mlango wa selo ukijifunga ni kurudishwa palepale alipoanzia, na Garner analionyesha hilo kwa mabega tu, bila neno.

Kuhusu chimbuko, ni lazima kumtaja Dashiell Hammett. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, na riwaya yake Red Harvest, iliyotoka 1929, inahusu mji wa machimbo uitwao Personville, jina ambalo watu wameligeuza katika matamshi hadi likawa na maana ya mji wa sumu. Wasomaji wengi wanauona ndani yake mji wa Butte, Montana, ambako mwaka 1917 Frank Little, aliyekuwa akiwaunganisha wafanyakazi wa migodi, alitolewa kitandani usiku na kunyongwa. Ninachokithamini kwa Hammett ni kwamba anaeleza chanzo. Mwenye mgodi aliwaleta majambazi kuvunja mgomo, mgomo ukavunjika, majambazi wakakataa kuondoka, na mji ukawa wao. Tamthilia za miaka ya 1970 zilirithi mji huo lakini mara nyingi zilimsahau mwenye mgodi. Roy Huggins na Stephen J. Cannell walioibuni The Rockford Files waliujua vizuri urithi huo, na Huggins alikuwa amekwisha kuutumia katika The Fugitive, ambamo Dakta Kimble anapita mji baada ya mji kuanzia 1963 hadi 1967. Baadaye Cannell aliupeleka kwenye The A-Team, na wengi wetu huku tuliuona mji uleule kwenye mikanda ya video bila kujua umri wake.

Hata mji mwema kuliko yote ulianza kwa sura hii. Mayberry ya The Andy Griffith Show, ambayo Wamarekani huitaja wanapozungumzia utulivu wa kijijini, ilionekana mara ya kwanza Februari 1960 ndani ya kipindi cha Danny Thomas. Mgeni kutoka New York anakamatwa kwa kutosimama kwenye alama ya kusimama, wakati hapo hakuna hata njia panda. Anafikishwa kwa sherifu, na hakimu naye ni sherifu yuleyule. Anaghadhabika, anatoa bunda la noti ili alipe aende zake, na sherifu anapoliona bunda lile anapandisha faini. Kipindi kinamalizika kwa kuonyesha kwamba sherifu alikuwa na sababu nzuri, lakini watazamaji walielewa mara moja hofu ya yule mgeni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

BintiKisauni amejibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Nimejifunza mengi, na naomba niseme kitu ambacho naona kimepita pembeni, kwa sababu kinanigusa sana.

Katika tamthilia hizi anayekamatwa ni nani? Ni mwanamume mzungu, mwenye gari lake, mwenye akili za haraka, ambaye mwisho wa saa moja atatoka. Tunamhurumia na ni haki kumhurumia. Lakini walioijua miji hiyo kwa undani kuliko watu wote walikuwa Wamarekani weusi, na wao kwenye skrini hawapo, au wapo wakifagia kituo cha mafuta. Kuanzia 1936 hadi katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na kitabu cha mwongozo, The Negro Motorist Green Book, kilichoanzishwa na Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa New York, ili msafiri mweusi ajue ni mji upi una nyumba ya kulala itakayompokea na kituo kitakachomuuzia mafuta. Ilikuwapo miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ameondoka kabla ya machweo. Familia zilifunga chakula cha safari nzima na kulala ndani ya gari, kwa sababu kusimama mahali pasipojulikana kulikuwa hatari. Hofu ambayo Mwalimu aliihisi usiku mmoja mbele ya televisheni, wao waliisafiri nayo kila mwaka, na watoto wamelala kiti cha nyuma.

Hata katika kisa cha Athens alichokisimulia DerevaOhio, kuna mtu aliyeachwa. Mchana wa siku ile ya uchaguzi, mkulima mweusi aitwaye Tom Gillespie alikwenda kupiga kura, akakataliwa, na aliposhikilia haki yake naibu wa sherifu alimpiga risasi. Alipona. Kuna wanaosimulia mapambano ya Athens kwa urefu, bunduki moja moja na baruti moja moja, na yeye wakampa sentensi moja.

Na gavana aliyeweka mabango ya Ludowici, Lester Maddox, ni yuleyule aliyewafukuza wateja weusi kwenye mgahawa wake wa Atlanta mwaka 1964, na akaona afadhali aufunge kuliko kuwahudumia. Aliwaonea huruma wasafiri waliokuwa wakienda kuota jua Florida. Hili halifuti uovu wa taa zile, lakini linaonyesha ni mgeni yupi aliyehesabiwa kuwa mgeni anayestahili kulindwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tamthilia zilisema kweli, nitasema zilisema kweli kuhusu fedha na zikanyamaza kuhusu rangi. Zipo zilizojaribu kwa njia nyingine: mwaka 1973 NBC ilikuwa na Tenafly, ambamo James McEachin aliigiza mpelelezi binafsi mweusi, baba wa familia, lakini haikudumu. Sinema ya mwaka 1967 ya In the Heat of the Night ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, kwani mpelelezi anayekamatwa stesheni usiku, kwa sababu tu ni mgeni mweusi mwenye fedha kwenye pochi, ni Virgil Tibbs wa Philadelphia. Hadithi inatokea Mississippi, lakini sehemu kubwa ilipigwa picha jimboni Illinois, kwa sababu Sidney Poitier hakuwa tayari kukaa kusini. Mtu aliyeigiza kukamatwa katika mji mdogo alikuwa anaogopa mji mdogo wa kweli. Nilipolijua hilo, niliirudia sinema nzima tangu mwanzo.

MwalimuTanga amejibu:

BintiKisauni, marahaba mwanangu, na ahsante. Umeniuma mahali panapostahili kuumwa. Jana tuliirudia sehemu ya New Pastoria, na safari hii nilitazama waliosimama nyuma badala ya kumtazama Rockford peke yake. Kaka yangu, ambaye hakubali kushindwa kirahisi, amekubali kuhusu faini lakini ameleta swali jipya: kama miji hii ilikuwa mingi hivyo, na waandishi waliipenda hivyo, kwa nini ilipungua kwenye televisheni? Tamthilia za baadaye karibu zote zinabaki jijini.

Ninaongeza pia ombi dogo. Je, kuna mji uliosafishwa na serikali yenyewe, bila wananchi kubeba bunduki?

DerevaOhio amejibu:

Mwalimu, nianze na ombi lako. Mji wa Phenix City, Alabama, uko ng'ambo ya mto Chattahoochee kutoka Columbus, Georgia, na karibu na kambi ya jeshi ya Fort Benning. Kwa miaka mingi uliishi kwa kuwakamua askari vijana kwenye siku za mshahara, kwa kamari, pombe na danguro, huku wenye mamlaka wakipokea fungu lao. Mwanasheria Albert Patterson aligombea nafasi ya mwanasheria mkuu wa jimbo akiahidi kuyakomesha hayo, akashinda kura za chama chake, na tarehe 18 Juni 1954 akapigwa risasi nje ya ofisi yake. Gavana Gordon Persons alitangaza utawala wa kijeshi, askari wa jimbo wakawanyang'anya polisi wa mji silaha na beji, wakavunja mashine za kamari kwa marungu. Naibu mkuu wa sherifu, Albert Fuller, alipatikana na hatia ya mauaji yale. Gazeti la Columbus Ledger lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1955 kwa kuufuatilia mji huo, kwa hiyo lile swali lako la kwanza kuhusu magazeti lina jibu hapo: yalikuwapo, na safari hii moja lilifanya kazi yake, tena lilikuwa la mji wa ng'ambo ya mto.

BintiKisauni, kuhusu Tom Gillespie umesema kweli, na nilipaswa kumtaja mwenyewe.

Sasa kuhusu swali la kaka. MhaririPicha atatueleza ya studio, nami naweza kueleza ya barabara. Miji ile iliishi kwa sababu barabara kuu ilikuwa ikipita katikati yake, mbele ya mahakama na mbele ya mgahawa, na dereva hakuwa na njia nyingine. Sheria ya mwaka 1956 ilianza ujenzi wa barabara za kasi zinazounganisha majimbo, zenye uzio na njia chache za kutokea, na mwaka hadi mwaka zikaizunguka miji hiyo mmoja baada ya mwingine. Rockford wa 1975 bado aliweza kujikuta kwenye barabara ya zamani gari lake linapoharibika. Shujaa wa leo anapita maili mbili pembeni kwa mwendo wa maili sabini, na mji anaujua kwa kibao tu.

Ludowici nao ulikwisha hivyo. Barabara ya I-95 ilipojengwa karibu na pwani, magari ya Florida yalihamia huko. Nimepita pale na lori mara mbili kwa sababu ya mzigo wa mbao. Magari ya kigeni hayakuwapo, na taa ilipogeuka nyekundu nilisimama nikaisubiri peke yangu.